Kura Tano za Zuwena

Kibaha,
3 Agosti 2025

Kwa Shangazi Mwanne,

Shikamoo Shangazi. Goti linaendeleaje, na sikio? Huku mimi ni mzima, nakula na kwenda kazini. Naandika kwa mkono kwa sababu najua simu huisikii vizuri na ujumbe mfupi hupendi kuusoma. Latifu amekubali kuibeba barua siku ya Ijumaa, akishamaliza kushusha mihogo yake sokoni Maili Moja.

Najua ni muda mrefu. Tangu mazishi ya Zuwena sijakuandikia, na arobaini yake sikuja. Nilianza barua tatu nikazichana. Hii nitaimaliza kwa sababu ni ya jambo la kazi.

Mwezi Mei maktaba yetu iliahidiwa vitabu mia mbili vya vijana. Mfadhili alitoa sharti moja, viwe vya aina moja tu, na wasomaji wenyewe wachague. Mchuano ukabaki kati ya aina mbili. Kuna riwaya za mizuka, za wasichana wanaoongea na wafu na wavulana wanaogeuka wanyama mwezi ukiwa mpevu. Na kuna zile wanazoziita za kesho, za miji ya miaka ijayo ambako wakubwa wameshika kila kitu, hata hewa, na watoto wa miaka kumi na sita ndio wanaolazimika kuwaangusha.

Bi. Eugenia, mkuu wetu, hakutaka karatasi za kura. Alisema watoto watajaza sanduku mpaka lipasuke. Akaamua kadi za wasomaji ndizo zipige kura: kuanzia tarehe 2 Juni hadi mwisho wa Julai, kila muhuri ninaoupiga kwenye kadi kwa kitabu cha mizuka uwe kura ya mizuka, na wa kitabu cha kesho uwe kura ya kesho. Hata anayeongeza muda wa kukaa na kitabu ahesabiwe, maana amekipenda.

Hatujawahi kuwa na miezi miwili ya namna ile. Wa kesho waliwaambia wa mizuka kwamba wanasoma vitabu vya mizuka halafu wanasindikizana kwenda chooni. Wa mizuka wakajibu kwamba wenzao wanahangaika na mwaka 2100 na kazi ya nyumbani ya leo hawajafanya. Faustine, mwenzangu wa kaunta, alikuwa anawachochea pande zote mbili na kuniachia mimi kazi ya kuwanyamazisha.

Ijumaa tarehe mosi tulihesabu mbele ya mawakala, mmoja wa kila upande, kama uchaguzi wa wakubwa. Kesho 211, mizuka 208. Bi. Eugenia alishusha pumzi, kwa kuwa wazazi wawili walikuwa wameshakuja kulalamika kwamba tunawazoesha watoto wao majini.

Wakala wa mizuka alikuwa Firdausi, aliyekuwa akikaa dawati moja na Zuwena. Jana alikuja peke yake kuniuliza kuhusu kitabu ambacho Zuwena alikiazima mwezi Machi, kile cha jalada la kijani, cha mji wa maji. Nilimjibu vibaya. Nadhani kitabu kimo kwenye begi la shule la Zuwena, ambalo nililileta mwenyewe siku ya mazishi. Naomba umpe Latifu anirudishie ili nikifunge kwenye rekodi. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Septemba, na Bi. Eugenia ndiye wa kuandika kama niendelee, kwa hiyo sitaki kitu kisichoeleweka kwenye kadi yoyote.

Nisamehe kwa kuomba kitu kama hiki.

Mwanao,
Tatu


Kisarawe,
13 Agosti 2025

Tatu mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Sikio la kulia nalo limeanza kufuata la kushoto, sasa watu wakiongea nami wanapiga kelele kama tumegombana.

Miezi minne sikupata hata salamu, halafu inakuja barua inaomba kitabu. Nimekaa nayo siku tano kabla ya kukujibu, ili nisikuandikie maneno ya siku ya kwanza.

Arobaini tulisoma. Walikuja wote wa upande wa baba yake, hata wale wa Mzenga ambao huwa hawatoki. Wakauliza Tatu yuko wapi, ndiye aliyekuwa akikaa na mtoto, mbona hatumwoni. Nikawaambia una mtihani wa kazi. Sijui kwa nini nilikusingizia mtihani.

Kitabu ninacho. Begi nililifungua mwezi wa sita nikitafuta kalamu. Sasa nakisoma, kurasa mbili au tatu kila siku nikishasali alasiri. Macho bado yananitii kuliko masikio. Huyo aliyekiandika hajabeba ndoo maishani mwake. Anasema msichana alikimbia na ndoo mbili zimejaa tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri, wala maji hayakumwagika. Nilicheka peke yangu, nikashangaa kusikia nacheka. Lakini naendelea nacho. Mwanangu alikipenda, nami nataka kujua alichokipenda.

Kwa hiyo hakitoki hapa. Waambie hao wenye maktaba kimechelewa.

Na wewe nieleze vizuri. Ulimjibu nini huyo mtoto hata ukaona ni vibaya? Barua yako inazunguka kitu, haikigusi. Nilikulea miaka minne baada ya mama yako, nakujua unavyozunguka.

Latifu nimempa mihogo yako. Ni ya kuchemsha, usiikaange.

Shangazi yako,
Mwanne


Kibaha,
17 Agosti 2025

Kwa Shangazi Mwanne,

Shikamoo Shangazi. Mihogo nilipata na niliichemsha. Nimeila siku mbili. Mwenye nyumba anakusalimu, alimwona Latifu akinikabidhi akauliza ni nani anayenikumbuka.

Umeuliza nilimjibu nini Firdausi. Nitaandika kwa mpangilio, kwa kuwa nisipopanga sitamaliza.

Siku ya kuhesabu aliishika kadi moja muda mrefu kuliko nyingine, kisha akaiweka chini. Jumamosi akaja kaunta. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada Tatu, huyu Zuwena Kibwana aliyepigiwa muhuri Jumanne ni nani?"

Nikamwambia ni Zuwena mwingine.

"Wa Kidato cha Pili B?"

Nikasema kuna makosa ya kuandika, nitarekebisha. Akaitikia, akaondoka. Nilimdanganya mtoto mara mbili ndani ya dakika moja, na sauti yangu haikubadilika.

Utaratibu wetu ni huu. Msomaji akifariki, karani anaandika neno hilo kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, anatia tarehe na sahihi, na kadi inatolewa kwenye sanduku. Karani ni mimi. Tarehe 22 Aprili kitabu cha Zuwena kilitakiwa kurudi, na wiki mbili tangu mazishi zilikuwa hazijaisha. Niliitoa kadi yake, nikashika kalamu nyekundu, nikaiweka. Nikashika muhuri, nikamwongezea wiki mbili. Sikuwa na mpango wowote, Shangazi. Kulikuwa na foleni na nilitaka kadi irudi mahali pake. Tarehe 6 Mei nikafanya tena. Tangu hapo ni kila baada ya Jumanne moja. Kanuni inaruhusu kuongeza mara mbili tu, nami nimeongeza mara tisa. Nikipiga sihisi kitu. Mkono unafanya kama unavyofanya kwa wengine.

Kura zilipoanza sikufikiria kabisa. Tulipohesabu ndipo nilipoona. Mihuri mitano kati ya hiyo imo ndani ya Juni na Julai, na kitabu ni cha kesho. Kesho imeshinda kwa kura tatu. Ukiitoa mihuri ya Zuwena, mizuka inashinda kwa mbili.

Majina ya vitabu yanapelekwa kwa mfadhili tarehe 15 Septemba. Nikisema, nitaulizwa kwa nini nimekuwa nikimwazimisha kitabu mtu ambaye hayupo, na mkataba wangu utaishia hapo. Nisiposema, wasomaji wamedanganywa, na Firdausi anajua. Juzi nilimgusia Bi. Eugenia kwa mbali, nikauliza kama hesabu inaweza kurudiwa. Akasema, "Tatu, kitu kimekwisha vizuri, unakitafutia nini?" Akaendelea kuandika.

Nimefika mahali ambapo sijui. Usiku nalala vizuri na asubuhi naamka vizuri, hilo ndilo linalonitisha. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Tatu


Kisarawe,
24 Agosti 2025

Tatu mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama.

Sikiliza. Hapa nikipita watu wananiita mama wa marehemu. Shule waliniletea karatasi ya kufuta jina lake nikaweka sahihi. Hata kule alikokuwa anachukua dawa zake nilikwenda nikarudisha daftari, kijana akalipiga mstari mbele yangu, mstari mmoja tu, akaniambia pole mama. Nikadhani wamemaliza wote. Kumbe kuna mahali mtoto wangu bado anaitwa jina lake kamili, na anapewa wiki mbili, na zikiisha anapewa nyingine.

Usiandike hilo neno.

Najua ni uongo. Sikuambii kwa dini, maana kwa dini ningekuambia vingine. Nakuomba tu. Hao watoto watasoma vyovyote watakavyoletewa, vya mizuka au vya kesho, vyote ni vitabu. Zuwena hakumaliza shule, hakuolewa, hakufika umri wa kupiga kura ya nchi. Hii moja amepiga. Mwachie.

Jumanne hii ya tarehe 26 najua utampigia kabla barua haijakufikia. Inayofuata ni tarehe 9 Septemba. Nimeihesabu kwenye kalenda ya dukani kwa Maulidi. Akaniuliza nasubiri nini tarehe 9, nikamwambia nasubiri mgeni.

Na hili la kutokuja arobaini nimelifuta. Nilikuwa nimelishika vibaya. Nilidhani umemwacha, kumbe ulikuwa umembeba huko peke yako.

Nimefika katikati ya kitabu. Mji mzima wanapimiwa maji kwa kikombe, wakati bomba kubwa linapita mbele ya milango yao kwenda kwa wakubwa. Hapo mwandishi amesema kweli, hata kama ndoo hazijui.

Shangazi yako,
Mwanne


Kibaha,
7 Septemba 2025

Kwa Shangazi Mwanne,

Shikamoo Shangazi. Juzi Latifu alinisubiri, na Ijumaa ya kabla yake pia, nikamwambia sina cha kutuma. Naomba uketi kabla ya kuendelea kusoma.

Tarehe 26 nilipiga muhuri, kama ulivyojua. Barua yako ilipofika niliiweka chini ya mto, na kwa siku tano nilikuwa nimeamua kukutii.

Jumatano Firdausi alikuja na kadi yake ya uanachama. Akaiweka kaunta. "Sitamwambia mtu, Dada. Ila hii chukua."

Nikamuuliza kwa nini airudishe.

Akasema, "Zuwena alikuwa wetu. Alikuwa wa mizuka. Kile cha kijani alikichukua kwa sababu rafu yetu ilikuwa tupu siku ile. Alifika ukurasa wa thelathini akasema kinamchosha, atakirudisha."

Halafu akaondoka na kuufunga mlango polepole, kama wanavyofundishwa.

Sikutaka kukuandikia hilo kwa sababu ya vile unavyokisoma. Nililiandika nikalikata, nikaliandika tena. Nimechoka kuchagua ukweli upi upite na upi ubaki.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Bi. Eugenia dakika tano. Faustine alikuwepo na hakutoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. Nilieleza. Bi. Eugenia akauliza ni mihuri mingapi kwa jumla, nikasema kumi. Akauliza kwa nini. Kisha akalisukuma sanduku la kadi upande wangu wa meza. Kalamu nyekundu ilikuwa imekauka, nikaandika kwa ya bluu. Zuwena Kibwana, amefariki, 12 Aprili 2025. Nikatia sahihi.

Jana matokeo mapya yamebandikwa mlangoni. Mizuka 208, kesho 206. Wa kesho wanasema wameibiwa, wa mizuka wanawaambia waandike riwaya kuhusu wizi huo. Firdausi sikumwona. Kadi yake nimeiweka kwenye droo yangu, sijaifuta. Bi. Eugenia ameniambia barua ya mkataba hataiandika. Alisema bila hasira, akaniuliza kama nimekula.

Sasa kuna jingine, na nitaliandika hapahapa kwa kuwa nimeshika kalamu.

Ijumaa ya tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, Zuwena alinitumia ujumbe. "Dada mwili unauma sana, njoo." Uliponikabidhi mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu uliniambia maumivu yakianza yasisubiriwe, na nilikuahidi. Siku ile tulikuwa na wageni wa ukaguzi. Niliogopa kumwomba Bi. Eugenia ruhusa mbele yao. Nilimjibu Zuwena anywe maji mengi, nakuja. Saa saba akaandika tena, nikajibu hivyohivyo. Nilitoka saa kumi na moja jioni, kazi ilipokwisha. Ulipofika hospitali ya Tumbi ukaniuliza ameanza lini, nikasema jioni. Nilimwambia hivyo na daktari. Wote mliniamini.

Sijui kama kuna ambacho kingebadilika. Hakuna anayeweza kuniambia, kwa sababu hakuna niliyempa saa ya kweli. Bi. Eugenia angeniruhusu. Ijumaa hii, alipoliona jina na tarehe kwenye kadi, alisema, "Kwani siku ile ya wageni hukuniambia anaumwa?"

Hiyo ndiyo sababu sikuja arobaini. Sikuwa nimembeba, Shangazi. Nilikuwa naogopa, kama nilivyoogopa siku ile.

Kitabu kaa nacho. Kwenye rekodi nimeandika kimepotea mikononi mwa karani.

Barua hii nitampa Latifu Ijumaa, tarehe 12. Sitaomba unijibu.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Tatu


Kisarawe,
10 Septemba 2025

Tatu mwanangu,

Hujambo? Ijumaa mbili Latifu amerudi mikono mitupu. Anasema uko salama, ila una kazi nyingi na umekonda. Basi naandika mimi kwanza, atakuletea keshokutwa. Nami sijambo. Goti limepumzika kidogo, mvua haijaanza.

Jana ilikuwa ile Jumanne. Niliamka nikafagia uwanja mpaka nikavuka kwa jirani, akaniuliza kama nina shughuli. Shambani sikwenda. Nilikaa barazani na kitabu, nikawa najisemea sasa wamefungua milango, sasa Tatu ameshika muhuri. Ilipofika saa nane nikajua tayari. Nikaingia ndani nikapika wali wa nazi. Tangu Aprili sikuwa nimejipikia wali.

Kitabu nimekimaliza jana hiyohiyo. Usidhani nitakusimulia chote. Msichana anatoka nje ya mji akifuata lile bomba, na huko nje hakuna alichoambiwa kuwa kipo. Sikupenda mwisho wake. Lakini sasa najua mwanangu alikipendea nini, na nimefurahi kwamba sikukurudishia kabla sijajua. Si kwa ajili ya huyo msichana. Ni kwa ajili ya dada yake, yule mkubwa, mwoga mwoga, anayeogopa walinzi na kuogopa hata kivuli chake. Kila mdogo wake akiita anaacha alichoshika na kuja mbio. Hana kingine anachofanya kitabu kizima, ni kuja tu akiitwa. Nilipofika hapo nikasema, huyu mbona ni Tatu. Na mtoto naye lazima alikuwa anakuona wewe alipokuwa akisoma.

Nilitaka ulijue hilo, maana mimi sikuwahi kukushukuru. Siku ile Tumbi niliona uso wako, nikaangalia pembeni.

Ijumaa usimpe Latifu barua. Panda naye gari uje mwenyewe, ulale hapa mpaka Jumapili. Kitanda cha mwenzio nimekitandika shuka safi. Nitakuwa barabarani kuanzia alasiri, nimeshika fimbo ili goti lisiniyumbishe nikiinuka, na gari nitaliona kwa mbali hata kama sitalisikia.

Mama yako,
Mwanne